Bastola Niliyomchagulia Mke Wangu

Mama Nduwimana, salamu nyingi katika Bwana. Mimi ni msomaji wa ukurasa wako tangu ulipoanza, nimesoma shida za wengine nikacheka, nyingine nikatikisa kichwa nikisema hawa watu hawana akili, sikujua kwamba iko siku nitashika kalamu mwenyewe nikulilie, maana jambo nililolifanya nyumbani mwangu limenishinda kubeba, na mtu pekee niliyemwambia ni kaka yangu, na ushauri alionipa ndio unaozidi kuninyima usingizi.

Niite Anaclet, ingawa si jina langu, na ya wengine pia nimeyabadilisha. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, nilifika Durban nikiwa kijana, nikafanya kazi ya ulinzi, ile ya kubeba silaha na kusindikiza malori ya mizigo, mpaka mimi na mke wangu Laetitia tulipopata makaratasi ya kudumu, nikaacha ulinzi nikawa nauza vipuri vya magari, na yeye akafungua saluni ya kusuka nywele kule Overport. Nyumbani ni Albert Park, ghorofani. Laetitia ana mdogo wake mmoja tu duniani, Carmel, wazazi wao walikufa vitani na Laetitia ndiye aliyemlea, alivuka naye mipaka akiwa amembeba mgongoni. Carmel sasa ni binti mkubwa, anafanya kazi mkahawani, Jumamosi humsaidia dada yake saluni, na kanisani ndiye anayeongoza kwaya kwa kucheza, akiinua mguu wa kwanza kanisa zima linainuka.

Mwaka jana wezi waliingia saluni mchana kweupe, vijana wawili, wakauliza bei ya kumsuka dada yao, Laetitia akawajibu bila kuinua macho kwa sababu alikuwa katikati ya msuko, mara akasikia chuma shingoni. Walichukua simu za wateja wote na pete yake ya ndoa wakaondoka. Mteja aliyekuwa kitini alinisimulia kwamba muda wote ule Laetitia hakuachia nywele alizoshika, na nilipofika nilimkuta bado amesimama hivyo hivyo.

Jioni ile aliniambia, "Anaclet, miye nataka vitu viwili. Niwekee mlango wa chuma, ule wa kufungulia kwa ndani, na ukuwe unakuja kunichukua tukifunga."

"Mlango utakufuata mpaka kwenye taxi?" nikamjibu. "Utabeba bastola."

"Miye sijasema bastola."

"Utazoea."

Sheria ya hapa haikubali mtu anunue silaha kama mkate, lazima usome, ufanye mtihani, polisi wakuchunguze, kasha la chuma lifungwe ukutani, na yote hayo tuliyafuata, kwa hiyo usidhani nilianza kwa njia za panya. Mwalimu wa pale uwanja wa shabaha alikuwa dada mmoja wa Kenya, Makena, mpole lakini neno lake halirudi nyuma, na Laetitia alimpenda, na nikupe ukweli wote, alilenga vizuri. Siku aliyofaulu alirudi nyumbani anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wale wezi, na mimi badala ya kufurahi nikaona wivu kwamba mwingine ndiye aliyemchekesha.

Tulipokwenda dukani kuchagua, muuzaji alipanga bastola juu ya kitambaa akamwambia mama ashike mwenyewe, na Laetitia akashika moja ya wastani, nyembamba, kidole chake kikafika kwenye triga bila kiganja kuhama, akaniangalia akasema, "Hii inanikaa." Nami nikasema hiyo ni ya kutishia paka, nikachukua ile kubwa, nzito, ya aina niliyobeba mimi kazini. Muuzaji alijaribu kusema neno, nikamwambia ndugu, mimi kazi hii naijua. Laetitia akairudisha ile nyembamba juu ya kitambaa. Maombi ya kibali yakaandikwa kwa bastola ile kubwa.

Kibali kilipotoka tukarudi kwa Makena nayo, na pale aibu ikaanza, maana mke wangu aliyekuwa akipiga katikati ya karatasi sasa risasi zake zilikwenda chini kushoto, kuikoki mpaka aibane kifuani, na kufikia triga mpaka azungushe mkono mzima. Makena akaniita pembeni.

"Anaclet, ni wewe utakuwa unaibeba?"

"Hapana, ni mke wangu."

"Basi mbona umechukua ya kipimo cha mkono wako? Irudisheni, achukue ile iliyomtosha. Kibali mtasubiri tena, lakini mtasubiri mkiwa wazima."

Mama, aliyasema kwa sauti ya chini, hakunivunjia heshima, lakini mimi nilisikia kama amenivua nguo mbele ya mke wangu, na badala ya kuirudisha nikaipeleka kwa rafiki yangu Peguy, ambaye si fundi wa silaha mwenye kibali, ni mtu wa kutengeneza simu anayejisifu kwamba anajua bastola, akaifungua, akasaga kwa tupa, akabadilisha springi, akanirudishia akisema kazi safi, sasa triga unaigusa tu. Na kweli ilikuwa unaigusa tu. Nilimwambia Laetitia nimekulainishia, akauliza, "Makena ameiona?" nikasema si lazima Makena aone kila kitu, na tangu siku hiyo sikumpeleka tena mazoezini, kwa sababu nilijua Makena akiigusa mara moja atajua.

Ala ya kuibebea kiunoni nayo ni hivyo hivyo. Makena alituambia wazi, nunueni ngumu, iliyotengenezwa kwa bastola hiyo hiyo, inayofunika triga yote, mvae na mkanda mgumu, na kurudisha bastola ndani hakuna mbio, mtu anatazama kwa macho. Hata alimwonyesha Laetitia jinsi ya kufunga mkanda chini ya blauzi juu ya kitenge, kwa sababu mke wangu ni mtu wa vitenge, hana suruali za mkanda. Mimi nikaona ile ala ngumu inatokeza, watu wataiona, nikanunua nyingine ya kitambaa laini yenye kibanio, inayoingia bastola yoyote, nikamwambia hii ndiyo ya wanawake.

Basi ikafika Jumamosi moja, saluni imejaa, Laetitia anaosha kichwa cha mteja, Carmel amepiga magoti sakafuni anaokota nywele zilizoanguka. Laetitia alipoinama kwenye beseni alisikia ala imegeuka kiunoni na bastola inateleza, akaisukuma irudi ndani kwa mkono wenye povu, kitambaa kikajikunja kikaingia kwenye triga, ikalia. Risasi ikampata Carmel chini ya goti.

Niliitwa nikakimbia, nikakuta Laetitia sakafuni amekandamiza taulo kwenye mguu wa mdogo wake, anamwambia, "Niangalie miye, usiangalie huko, niangalie miye," na Carmel anamwangalia kweli. Ambulensi ikamchukua. Polisi waliokuja wakabaki, na mmoja wao alikuwa mtu anayejua silaha, akaitoa risasi, akabonyeza triga, akabonyeza tena, akauliza, "Nani ameichezea hii?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama Nduwimana, nilikuwa nimesimama mlangoni na mdomo ninao.

Laetitia akasema, "Ni mimi. Nilipeleka kwa fundi wa mtaani, simjui jina."

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini amesema hivyo. Alikuwa ananawa mikono, hakugeuka. "Ulikuwa mlangoni," akasema. "Nilikungojea useme. Nikaona hausemi." Tangu hapo ananipikia, ananifulia, ananijibu nikiuliza, lakini maongezi hakuna.

Sasa kesi iko mbele yake, ya kutumia silaha kwa uzembe na kuichezea kinyume cha sheria. Carmel ametoka hospitali, anatembea kwa magongo, madaktari wanasema atatembea bila magongo lakini kuchechemea hawaahidi kutaisha. Amehamia kwa rafiki yake huko Glenwood na hataki kumwona dada yake, alimwambia kwa simu, nilisikia kwa masikio yangu, "Ulitaka kujionyesha una bunduki laini, sasa furahi." Laetitia akasema tu, "Nisamehe, mdogo wangu," akakata. Na kanisani wamama wanasema mwanamke na bastola wapi na wapi, na Jumapili moja mmoja wao aliniambia hivyo uso kwa uso, pole baba, umeoa mtu mzembe, nami, Mungu anirehemu, nikaitikia kwa kichwa.

Kaka yangu Onesphore anasema ninyamaze. Anasema, "Kesi ina mwenyewe. Ukijitia, mtafungwa wawili, na makaratasi yenu yataangaliwa upya. Laetitia amekuokoa, usimwage alichofanya." Nami naona kama ana haki, halafu namwona Laetitia anakunja nguo za Carmel alizoziacha kwetu, anazikunja anazikunjua, naona hana haki hata kidogo. Nimewaza niende polisi kesho peke yangu nikaseme kila kitu bila kumwambia mtu. Nimewaza pia nikae kimya mpaka kesi iishe. Nilimpenda, mama, bastola ile nilimchagulia kwa kumpenda. Nifanye nini?

Anaclet, Albert Park.

*

Anaclet, pole. Pole kwa mguu wa Carmel, pole kwa nyumba iliyonyamaza. Nimeanza na pole kwa sababu nimesoma barua yako nikaona mtu anayeumia kweli. Sasa pole imeisha, tusemezane.

Unasema ulimchagulia kwa kumpenda. Sikatai kwamba unampenda. Lakini siku ile dukani hukumtazama yeye, ulijitazama wewe ulipokuwa mlinzi. Mkeo alisema hii inanikaa. Muuzaji akataka kusema. Makena akasema. Watu watatu wenye akili zao, na wewe ukasikia kelele tu. Ujuzi wa silaha uliokuwa nao ni wa kweli, ila ulikuwa wa mkono wako, na mkono uliokuwa ubebe ni wa Laetitia.

Nami si mtu wa kusema mwanamke na bastola wapi na wapi. Wapo wanawake katika mji huu wanaobeba kwa kibali na kwa akili, na ni haki yao. Wamejifunza, wanarudi kufanya mazoezi, triga haijaguswa na tupa ya mtu yeyote, ala ni ngumu na imefunika triga. Laetitia alikuwa njiani kuwa mmoja wao. Wewe ndiye uliyemtoa njiani, ukamkatiza hata mazoezi, ili aibu yako isionekane. Hilo ulijue kwa jina lake.

Lakini kosa linalokunyima usingizi si bastola. Watu hukosea kuchagua vitu. Ni pale mlangoni uliposimama. Na ni kule kuitikia kwako kwa kichwa mbele ya yule mama kanisani. Hapo, ndugu yangu, niliiweka barua chini nikatembea jikoni kidogo kabla ya kurudi.

Sasa kaka yako. Onesphore si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu, na hofu ya makaratasi mimi mwenyewe naijua, nimeishi nayo. Kwa hiyo usikimbilie polisi kesho na moyo wa moto. Tena umeniambia utakwenda bila kumwambia mtu. Unaona? Umeamua tena peke yako juu ya maisha ya Laetitia, safari hii unaita toba.

Anza nyumbani. Leo, kabla ya chakula. Mwambie Laetitia, niliposimama mlangoni niliogopa, na nimeendelea kuogopa, na nataka kusema ukweli, wewe unaonaje? Halafu nyamaza. Akichukua muda mrefu, ngoja. Akisema maneno makali, yapokee. Akikuambia kuna jambo hujalifikiria, lifikirie. Maelezo yaliyoko polisi ni yake, na ni ya uongo aliousema kwa ajili yako, kwa hiyo yakibadilishwa yatamgusa yeye kwanza. Hana budi kujua na kukubali njia mtakayopita.

Kisha mwanasheria, tena si mmoja, wawili. Mmoja wake, mmoja wako, maana mbele ya kesi hii faida yake na faida yako hazikai kiti kimoja, na mwanasheria anayewatumikia wote wawili atajikuta anambana mmoja. Vipo vituo vya msaada wa sheria vinavyohudumia wageni bila kuwatoza, ulizia. Ukiwa na mwanasheria wako pembeni, ndipo useme: nani aliyechagua, nani aliyeipeleka kwa Peguy, nani aliyesimamisha mazoezi. Siwezi kukuahidi kitakachofuata. Huenda utashtakiwa. Huenda utalipa, huenda zaidi. Hata hivyo, mzigo huo ni wako na kwa sasa umewekwa kichwani kwa mtu mwingine.

Na Peguy usimfiche. Unamwita rafiki, sawa, lakini mtu anayesaga triga za watu kati ya simu na simu hakuanza na yako wala hakuishia hapo. Ziko bastola nyingine alizozigusa, ziko viunoni mwa watu sasa hivi, kwenye taxi, sokoni, kanisani. Jina lake litoke kwako kabla damu nyingine haijalitoa.

Yule mama wa kanisani mtafute, mbele ya wale wale aliokuwa nao. Mwambie, mzembe ni mimi. Usiongeze maelezo, akishangaa mwache ashangae.

Kuhusu kubeba tena, kama mahakama itaruhusu, swali hilo si lako. Akisema hataki kuona bastola maisha yake yote, basi. Akisema anataka, ataenda kwa Makena, atachagua mwenyewe ile ya mkono wake, na wewe utabaki nje kwenye gari ukisikiliza redio. Kwa sasa, umeandika barua ndefu na sijaona mahali uliposema kwamba mlango wa chuma umewekwa. Uweke. Na jioni nenda ukamchukue, hata kama hasemi neno njia nzima.

Nimemwacha Carmel mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Laetitia akishakubali na mwanasheria akishakuelekeza, nenda Glenwood mwenyewe. Usimtume mchungaji. Usiende na Onesphore, usiende na kikapu cha matunda, usimwambie Laetitia akufungulie njia. Yule binti amepoteza mguu wake wa kucheza na amepoteza dada, na dada huyo amempoteza bure, kwa kosa ambalo dada hakulifanya. Mguu huwezi kumrudishia. Dada unaweza, na wewe peke yako ndiye unayeweza, na kila Jumapili inayopita ukiwa kimya unamnyang'anya tena.

Utamwambia bastola ilichaguliwa na mimi, ilisagwa kwa agizo langu, na dada yako alijitwisha kosa langu kwa sababu mimi nilinyamaza. Usiseme nilimpenda. Usiombe msamaha siku hiyo; kuomba msamaha ni kumpa mtu kazi, na yeye ana kazi ya kutosha ya kujifunza kutembea. Akikufukuza, ondoka. Akilia, usimguse. Akikuuliza jambo, mjibu lote.

Gonga mlango wake ukiwa peke yako, sema ukiwa umesimama, na usikae mpaka yeye mwenyewe akuambie, shemeji, kaa.